Daiwoki

Fundi Lau alipofika Chumbageni na sanduku lake la spana
Kiswahili chake kilikuwa maneno manne:
maji, bei, kesho, chumvi.
Siku ya kwanza tu silinda hedi ikamwangukia
kwenye dole gumba la mguu,
na karakana nzima ikamwelewa:
Aiyaaa!

Mkalimani wa nini?
Mbaruku alimpokea kwa "Ai!" yake,
mama muuza mihogo akaongeza "Mtume!" kutoka ng'ambo ya barabara,
na Shemdoe, ambaye hana haraka hata akiungua,
akasema "Lo," akaenda kutafuta kitambaa.

Lau akainua kichwa. "Lo?"
Kwao pia ipo, alinieleza baadaye
kwa vidole, kwa kalamu, kwa nyusi:
huibandika mwisho wa maneno
kama mtu anayeteremsha komeo la duka.
Basi tena. Imeshakuwa.
Yetu hufungua mlango, yao huufunga.

Mimi nilikuwa mwandika risiti.
Nyuma ya kitabu nikaanza kuyaweka, kwa tahajia zangu,
majina ya mikosi midogo midogo.
Injini ikizimika: seifo, moto umekufa.
Seifo pia akisahau pochi,
seifo akikosa basi la Dar,
seifo akikumbuka, saa tano usiku, kwamba leo
ndiyo siku aliyozaliwa mkewe.
Mdai akija na askari: daiwoki.
Karai kubwa.
"La kumkaangia nani?" nikamuuliza.
Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.
Hakujua. Hakuwahi kuuliza.
Naye aliponigeukia, masalale ni nini,
nikafungua kinywa
kikabaki hivyo hivyo.

(Nyumbani, barabara ya kumi na nne, mama alikuwa na daftari lake kichwani.
Kikombe kikivunjika: "Heri kikombe."
Bei ya mchele: "Yarabi."
Talaka yangu aliipa msonyo mmoja tu,
mrefu kama kamba ya kisima,
na hajaizungumzia tena.)

Masika yale maji yaliingia karakana usiku.
Asubuhi kompresa nane za watu
zilikaa ndani ya tope kama viboko, migongo juu.
Lau akasimama mlangoni, suruali imekunjwa magotini.
Tulilingojea karai. Mbaruku hata alishanikonyeza.
Mama wa mihogo akashindwa kuvumilia,
akaanza kumlilia yeye: "Uwii! Ole wetu! Lahaula!"
Lau akainama, akaokota kikombe chake kilichokuwa kinaelea,
akakimwaga, akakifuta kwa shati,
akasema, "Chai?"

Tukanywa chai.
Hakuna aliyejua tuseme nini, kwa lugha yoyote.

Aliondoka mwezi wa saba, madeni yamelipwa nusu.
Spana aliniachia mimi, Mbaruku mpaka leo amenuna.

Lakini juzi Makorora tiara la mtoto limenasa kwenye waya wa umeme,
na mwenzake ameshika kichwa: "Daiwoki!"
Nimemuuliza amelitoa wapi.
Amenitazama kama niliyeuliza amelitoa wapi "baba".
Mwalimu wa Usagara anasema ni Kidigo.
Wadigo wanasema waulizwe Wasambaa.
Shemdoe, Msambaa, kaulizwa. Amesema "Lo," akaenda zake.

Jana usiku umeme ulikatika Ngamiani yote.
Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.
Katika lile giza, nyumba ya tatu au ya nne,
sauti nyembamba ikasema bila wasiwasi wowote:
"Seifo."

Nilikuwa peke yangu, kibiriti sikioni wapi.
Nikajibu lo.
Sikujua ni ipi.